Volti za Siku ya Sabato

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya kemia ya umeme, kwenye chuo kikuu kimoja hapa Kisii, fundi mkuu alinikabidhi funguo tatu na onyo moja. "Nyakundi, namba ikikupendeza sana, mshuku aliyeileta." Nililishika neno hilo kama amri. Sikumwamini mtu, wala mita, wala mizani niliyoipima mwenyewe asubuhi.

Tulitafiti seli za mafuta, yaani vyombo vinavyotoa umeme bila kuunguza kitu. Za kwanza zilitumia haidrojeni. Fundi mkuu alipostaafu nilishika nafasi yake, na ndipo akaja Kemunto, binti wa wakulima wa chai wa Gesima, kusomea uzamili. Seli yake aliilisha majitaka ya kiwanda cha chai. Bakteria waliojishika kwenye anodi, ile ncha inayopokea elektroni, walikula uchafu wakaacha umeme. Pampu iliwanywesha polepole, na mashine iliandika volti kila saa, mtu awepo asiwepo.

Nikaona jambo. Katikati ya wiki volti zilikuwa za kawaida, lakini kila Jumamosi zilipanda. Mimi ni Msabato. Ijumaa, kabla jua halijazama, huwa nimeosha vyombo vya chai, nimefunga, nimeondoka. Nani basi aliingia siku ya Sabato? Nikaanza kumchunguza mtoto wa watu. Nilipekua nyaya zake nikitafuta betri iliyofichwa. Nilipomwona sokoni Nyakoe, karibu na kibanda cha mchonga funguo, nilisema moyoni, nimekupata.

Nikampeleka kwa mwenyekiti wa idara. Akauliza ufunguo anao nani. Nikajibu ni mimi peke yangu, kwa hiyo binti lazima alichonga wa wizi. Akasimamishwa, na kamati ikapangiwa kukutana wiki iliyofuata ili imfukuze. Kemunto alilia, na mimi, Mungu anisamehe, niliyahesabu machozi yale kuwa ushahidi. Aliomba kitu kimoja tu: seli iendelee kufanya kazi, na ndoo ya majitaka ifunikwe na kubandikwa karatasi yenye sahihi ya mwenyekiti.

Ijumaa hiyo nilibeba chupa ya chai ya ofisini, chai ya rangi yenye sukari tele, nimwage masalio kwenye ndoo iliyo chini ya sinki kama desturi yangu, maana sinki lilikuwa limeziba siku nyingi. Nikakuta ndoo ina kifuniko na sahihi. Kwa mara ya kwanza niliinama, nikaufuata kwa kidole mrija uliotoka ndani yake. Ulipanda moja kwa moja hadi kwenye pampu.

Wiki nenda wiki rudi nilikuwa nawapa bakteria sukari, nao wakifanya karamu Sabato nzima.

Nilikwenda kwa mwenyekiti saa ile ile, na jua likazama nikiwa bado ofisini kwake. Kemunto alirudishwa, ingawa vipimo vyote ilibidi avianze upya. Nilimwomba msamaha. Akaniita baba, kwa Kikisii.

"Tata, ulisema ufunguo uko na wewe pekee. Mbona hukujishuku?"

Leo, nikipogoa michai yangu Itumbe, bado najiuliza swali hilo.

Nilipostaafu, aliyepokea funguo tatu alikuwa Kemunto mwenyewe, sasa mhadhiri. Alinishukuru kwa heshima zote. Wiki ile ile nikasikia amebadilisha vitasa. Sikumlaumu.