Mafuta ya Mama Kwenye Ringi

Mungu amenitendea mema, na shahidi wangu ni huu mguu wa kushoto. Walioniomba nisimame kanisani wananijua: hata nikiulizwa jina langu darasani, mimi hunong'ona. Basi nimeandika, na dada yangu Mkamburi atawasomea. Mkamburi, usicheke ukifika kwenye mafuta.

Nilikuwa kidato cha pili, mzima wa afya, hapa hapa mlimani Mghange. Ugonjwa wangu ulikuwa mafua ya Julai, basi. Mwaka huo mwalimu wa michezo alituletea mbio za vipande vitatu: kuogelea bwawa la shule, kuteremka na baiskeli mpaka sokoni kule chini, kisha kukimbia hadi uwanja wa kanisa. Baiskeli niliazima kwa baba. Fundi Mutua wa Voi alikuwa ametoka tu kuifungia raba mpya za breki.

Jioni ya kuamkia mbio niliitazama nikaona aibu. Ilikuwa na kutu, na watu wote wangeniangalia. Nikachukua mafuta ya kupikia ya mama, nikaipaka yote, hata ringi za magurudumu, nikasugua na kitambaa mpaka ikang'aa.

Asubuhi nilitoka majini nikiwa wa tatu. Nikapanda, nikaanza kuteremka. Kona ya kwanza nilishika breki, baiskeli ikazidi kwenda. Raba ziliteleza kwenye ringi kama sabuni mkononi. Kona ya pili niliburuta miguu chini, na ngozi ya visigino ikabaki barabarani. Kona ya tatu sikuikata. Niliingia shamba la kabichi la watu, nikasikia mfupa ukilia kama muwa unaovunjwa gotini. Nilipotazama, mguu ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo.

Hospitalini Voi walininyoosha mguu na kunifunga plasta kutoka pajani hadi vidoleni. Wiki ya pili homa ilipanda, na harufu mbaya ikaanza kutoka ndani ya plasta. Daktari alikata kidirisha, usaha ukatoka, wa manjano wenye damu. Alimwita baba kando, lakini nilisikia.

"Tutakisafisha kidonda kila siku. Kisipokauka, itabidi tuukate mguu."

Baba alirudi kitandani kwangu amekasirika. "Nikitoka hapa naenda kwa huyo Mutua. Raba gani hizo za kuua watoto?"

Nililia kuliko siku niliyovunjika. "Baba, si yeye. Ni mimi. Nilipaka ringi mafuta ili zing'ae."

"Mafuta gani?"

"Ya mama. Ya kupikia."

Mama, aliyeketi miguuni pangu, alimgeukia baba. "Kumbe. Na mimi nimemgombeza Mkamburi wiki mbili nzima kwamba anayalamba."

Baba ndiye aliyeanza kucheka, akashika ukuta. Mama wa kitanda cha pili, aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo, alituomba tuache maana nyuzi zilimvuta. Usiku huo nililala vizuri kwa mara ya kwanza.

Mutua mwenyewe alikuja Jumamosi na ndizi. "Binti, mafuta ni ya mnyororo," akasema. "Ringi iachie kutu yake."

Kidonda kilisafishwa kila siku, nikiuma shuka. Kikakauka. Plasta ilipotolewa, mguu ulikuwa mwembamba kama mpini wa jembe, ngozi inabanduka kama ganda la kitunguu. Nilijifunza kutembea upya, kutoka mlangoni hadi jikoni, na Mkamburi akinihesabia hatua. Daktari alisema, "Tembea. Mbio utajiamulia mwenyewe."

Mwaka uliofuata nikajiamulia. Nilitoka bwawani wa mwisho, mguu unauma kwa baridi. Kabla ya mteremko nilijaribu breki. Ya mbele ilishika. Ya nyuma, waya ukakatika, tap. Nilishuka nikasimama pale juu, nikiitazama ile kona ya tatu.

Nyinyi mnajua wanaoteremsha kabichi hufanya nini breki zikiisha. Nilivunja tawi kubwa lenye majani, nikalifunga nyuma ya baiskeli kwa mshipi wangu, likaburutika na kunizuia. Mimi niliyeona aibu ya kutu, niliteremka na nusu ya mti nyuma yangu, vumbi kama la kundi la ng'ombe wa kule nyikani Kishushe.

"Wakesho, unahama na msitu?" wakanipigia kelele watu wa kando ya barabara.

"Ndiyo," nikajibu. Nilijibu watu kwa sauti.

Kona ya tatu niliikata polepole sana. Sokoni nikaiacha baiskeli, nikakimbia nikichechemea, nikafika wa mwisho. Mama alikuwa uwanjani na chapati mbili, na baba alinipangusa vumbi kwa kofia yake huku amegeuza uso nisimwone macho.

Kwa hiyo wewe uliye na plasta leo, au uliye na mgonjwa kitandani, usikate tamaa mapema. Na kama kuna kosa umeficha, liseme. Mimi liliniuma kuliko mfupa. Asante kwa daktari, kwa Fundi Mutua, kwa wazazi na kwa Mungu aliyeniachia miguu miwili. Wa kushoto bado ni mwembamba kidogo. Kila asubuhi ninaupaka mafuta.

Ya kujipaka, mama.