Bwana Samaki wa Bandia

Mwaka ule likizo yangu na ya jirani yangu mmoja ziliangukia mwezi mmoja, na hilo ndilo lililoniponza. Mie nilikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo, yeye karani wa ghala palepale. Wote tulikaa Temeke, nyumba zetu zikitenganishwa na kichochoro. Alikuwa mtu wa kusini, mwembamba, msafi kupita kiasi, na alikuwa na jibu la kila swali, hata la swali ambalo halijaulizwa.

Nilikuwa nimepanga kulala. Nilipanga kulala siku saba mfululizo, nisisikie mashine wala king'ora cha zamu. Siku ya pili tu ya likizo akagonga mlango kabla sijanywa chai.

"Bwana, jiandae. Kuna mabwawa mbele ya Ukonga, palikuwa shamba la mkonge la mlowezi mmoja. Siku hizi ni kijiji cha ujamaa. Kambare wa humo ni kama mkono wako."

"Nani kakwambia?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Wewe unataka samaki au unataka majina?"

Mke wangu akacheka, akasema heri niende, maana nikibaki nyumbani nitamkagua kazi zake kama msimamizi. Basi nikaenda. Tulipakia baiskeli zetu mbili: mikeka, sufuria, unga, chumvi, fito nne za mwanzi, mishipi, kopo la ndoana, na nyungunyungu ndani ya udongo mbichi. Zaidi ya hayo, yeye alivaa kaptura ya kaki iliyopigwa pasi, soksi ndefu, na kofia ya jua. Kifuani kalamu mbili. Mkononi daftari kubwa la ghala, eti la kuandikia kila samaki atakayemvua, uzito wake na saa aliyokula chambo.

Njiani alisimama mara sita kunieleza jinsi ya kupanda baiskeli.

Tulifika alasiri. Kijiji kilikuwa nyumba kama arobaini zilizopangwa mistari miwili, ghala la mabati katikati, na nyuma ya ghala mabwawa matatu yaliyozungukwa na matete. Kabla hatujashuka vizuri, mzee mmoja mnene mwenye kanzu fupi alitujia mbio, akifuatwa na watu kumi au zaidi.

"Shikamoo, mzee," tukasema.

"Marahaba, marahaba. Mie ndiye mwenyekiti wa kijiji. Karibuni sana, ndugu zangu. Tumewangoja tangu kabla ya mwezi wa Ramadhani! Tulishakata tamaa. Tukasema wilayani hawana bwana samaki hata mmoja."

Nilielewa mara moja. Walikuwa wameomba mtaalamu wa samaki, na walipoona kaptura, kofia na daftari, wakajua ndiye. Nikafungua mdomo niseme sie ni wavuvi tu wa likizo. Mwenzangu akanikanyaga mguu.

"Barabara mbaya, ndugu Mwenyekiti," akasema, na kuitoa kofia kwa adabu.

Ndivyo ilivyoanza. Jioni ile walituchinjia kuku. Nilimtazama yule kuku ndani ya bakuli nikaona aibu hata kumega ugali. Mwenzangu alikula paja zima, akaomba na pilipili. Walitulaza ndani ya ghala, juu ya magunia ya mbegu, na tulipobaki wawili nikamvamia.

"Kwa nini umewadanganya watu hawa?"

"Nimewadanganya nini?"

"Kwamba wewe ni bwana samaki!"

"Mimi nimesema barabara mbaya. Barabara si mbaya? Uongo uko wapi?"

"Kesho asubuhi tunawaambia ukweli."

"Kesho asubuhi tukiwaambia, watatufukuza, na wewe hujavua hata dagaa. Tuliza moyo, bwana. Tunatazama maji kidogo, tunawapa mawaidha mawili matatu, mchana tunavua."

Nakiri kwamba nilinyamaza. Nilikuwa nimeshiba kuku wao.

Asubuhi hakukuwa na kutazama maji kidogo. Watu walikuwa wameshatungoja ukingoni. Mwenyekiti akaeleza shida yao: mabwawa yalijaa perege tangu enzi za mlowezi, lakini samaki hawakui. Wanabaki saizi ya vidole viwili, miiba mitupu, na kijiji kilitaka kuwalisha watoto wa shule kwa samaki hao. Tatizo ni nini?

Mwenzangu alipiga magoti, akachota maji kwa kiganja, akayanusa, akayaonja, akayatema. Akaandika kitu katika daftari. Mie nilikuwa nyuma yake, niliona alichoandika: aliandika "maji".

"Matete," akasema. "Matete yamezidi. Samaki hapati jua, hapati hewa. Atakuaje?"

Watu wakaguna kwa kukubali. Mwenyekiti akamshika mkono.

"Umesema kweli. Basi tuongozeni, nyie wataalamu. Wanaume wengi wako shambani kwenye mihogo, lakini hapa tupo kumi na wawili, wake kwa waume. Pamoja nanyi kumi na wanne."

Nikamtazama mwenzangu. Akavua soksi, akazikunja vizuri, akaziweka ndani ya kofia.

Tulikata matete siku nzima, maji yakitufika kiunoni, panga mkononi, na majani yake yanakata ngozi kama wembe. Ruba waliniganda miguuni, nikawa nawabandua kwa chumvi tuliyoichukua kwa ajili ya samaki wetu. Perege walitupita katikati ya miguu kwa makundi, na fito zangu zimeegemea ukuta wa ghala. Kila nikiinua mgongo, nilimsikia mwenzangu akitoa hotuba. Alimweleza jirani yake habari za mapezi. Alimweleza habari za mayai. Kazi yenyewe aliifanya, siwezi kumsingizia, lakini kwa kila shina aliloling'oa yeye, mie niling'oa matatu, kwa kuwa mdomo wangu ulikuwa umefungwa.

Alasiri, walipopumzika, nilichukua ufito mmoja nikaelekea bwawa dogo. Akanifuata mbio, matope mpaka kifuani.

"Unafanya nini?"

"Navua. Nilichokuja kufanya."

"Huwezi! Mtaalamu hawezi kuonekana anavua kabla utafiti haujakamilika. Watatushuku!"

"Utafiti gani?"

"Wa matete."

Nilitaka kumtosa majini. Nasema kweli, nilipima kwa macho kina cha pale. Badala yake nilirudisha ufito, nikala mihogo ya kuchemsha na wenyeji, nikalala nimempa mgongo.

Siku ya tatu tulimaliza bwawa la pili. Siku ya nne asubuhi, siku ya kurudi, mwenyekiti akaitisha mkutano mbele ya ghala ili wataalamu watoe mafunzo. Mwenzangu alisimama juu ya sanduku. Kaptura yake sasa ilikuwa na rangi ya udongo, lakini kalamu zilikuwa palepale kifuani. Aliwaambia wawalishe samaki pumba na majani ya mihogo. Aliwaambia wapunguze samaki, kwa sababu nyumba yenye watoto wengi na chungu kidogo, kila mtoto anakonda. Mpaka leo nadhani katika hilo alibahatisha ukweli.

Ndipo akasimama mama mmoja wa makamo, kitenge kiunoni, aliyekuwa akikata matete kwa kasi kuliko sisi wote.

"Ndugu mtaalamu, nina swali. Tukitaka kuwatenga madume na majike, wasizaane mno, tunawatofautishaje?"

Mwenzangu akakohoa. Akafungua daftari. Akalifunga.

"Swali zuri sana. Msaidizi wangu atalijibu."

Watu wote wakanigeukia. Sijui niseme nini kilichonishika. Labda ni zile siku mbili za kuzama kiunoni na kugandwa na ruba, labda neno msaidizi. Nilisimama, na sauti yangu ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Mie sijui dume wala jike la samaki. Mie ni fundi wa mashine za kusokota nyuzi. Huyu ni karani wa ghala. Hatukutumwa na wilaya wala na mtu yeyote. Tulikuja kuvua kambare, na hata ndoana hatujalowesha. Kuku wenu tumemla kwa udanganyifu. Naomba mtusamehe."

Mwenzangu alishuka kwenye sanduku polepole, kana kwamba sanduku lenyewe limepungua kimo. Nilingoja fimbo, au mgambo, au angalau matusi.

Yule mama ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika goti.

"Ndugu Mwenyekiti, si nilikwambia?"

"Uliniambia," mwenyekiti akasema. Alikuwa anatabasamu kwa mbali. "Mie mwenyewe nilijua tangu juzi, saa nne asubuhi. Nimepokea bwana shamba, nimepokea bwana mifugo, nimepokea bwana afya. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuvua viatu. Huyu nilipomwona anakunja soksi, nikasema, hawa si watu wa serikali."

"Sasa mbona hukusema?" nikauliza.

"Ningesema, matete yangekatwa na nani?"

Kijiji kikaangua kicheko. Nilihisi uso wangu unawaka, nikacheka nao kwa sababu sikuwa na pengine pa kuuweka. Mwenzangu hakucheka. Mwenyekiti akaturuhusu kuvua katika bwawa la tatu mpaka adhuhuri, akisema mgeni aliyelima ana haki ya kula.

Tukavua. Yaani nilivua mie. Nyungunyungu walikuwa nusu wafu, lakini nilipata kambare mmoja wa haja na perege wadogo kama ishirini. Mwenzangu alikaa hatua hamsini kutoka kwangu, ufito wake wima, hakupata kitu, na hakunisemesha. Nilipomwendea nimgawie perege, akanigeuzia uso.

"Umeniaibisha mbele ya watu."

"Mie nimekuaibisha?"

"Ungesema tu dume ana rangi kali zaidi. Nani angekupinga?"

Nilimwachia perege kumi pale kwenye majani, nikaenda kufunga mizigo. Tuliporudi aliendesha mbele, kimya, kutoka kijijini mpaka Temeke, na katika siku nne zile huo ndio muda pekee niliofaidi likizo yangu.

Mke wangu alimtazama kambare, akanitazama mikono na miguu, akauliza kama tulimvua au tulipigana naye. Nilimsimulia yote, na badala ya kunihurumia akamhurumia yule mama mwenye swali, kwamba hakujibiwa.

Tulinuniana na mwenzangu wiki mbili. Niliporudi kazini nikakuta ameshawahi. Amewaeleza watu wa ghala, wa zamu na wa jikoni kwamba sisi wawili tulijitolea likizo yetu kujenga taifa, kwamba tulisafisha mabwawa mawili ya kijiji cha ujamaa bila kulazimishwa. Katibu wa tawi la chama pale kiwandani akatupongeza mbele ya wafanyakazi wote, akasema sisi ni mfano. Watu wakapiga makofi. Nilifungua mdomo nieleze, nikamwona mwenzangu ananiangalia kutoka safu ya mbele, macho yake yananisihi kama ya mtoto.

Nikafunga mdomo, nikainama kidogo kushukuru makofi. Baada ya mkutano alikuja mpaka kwenye mashine yangu, akazungukazunguka, kisha akasema kwamba ndoana zangu ni kubwa mno kwa perege, na kwamba atanitafutia ndogo.