Konzi Moja ya Sukuma

Kisu ninachokatia sukuma wiki kilikuwa cha mama. Baba alikuwa ametangulia, na mama alipomfuata mimi nilikuwa darasa la saba, mkubwa wa watoto watatu. Tulimzika nyumbani, upande wa ziwa, tukarudi mjini, mtaani kwetu Gatwekera, na kukuta kibanda chake cha mboga kimefunikwa kwa gunia kama alivyokiacha. Jumatatu ilipofika sikuvaa sare. Nilikwenda sokoni nikaleta sukuma, nikaketi kwenye kigoda chake.

Wanaume wenzangu walinicheka miaka mingi. Hata sasa nikiwa na ndevu, yuko fundi wa viatu upande wa pili wa njia ambaye kila asubuhi hunisalimu, "Niaje, mama mboga?"

"Poa, shosho," namjibu, nami nikimfanya bibi kizee, na siku inaanza.

Kazi hii iko mkononi. Unapanga majani, unayakunja, unayabana kwa mkono wa kushoto mpaka vidole vifunge, kisha unakata nyembamba kuelekea kidole gumba. Majani yanayojaa mkononi hivyo ni konzi moja. Wateja wangu wananijua kwa hilo, kwamba konzi ya leo ni sawa na ya juzi. Sijawahi kuwa na mzani. Sikujua kwamba siku moja mkono huo ungepewa kazi ya kumlinda dada yangu, na kwamba usingekosea hata mara moja, na bado isingesaidia.

Dada ndiye wa mwisho. Alipokuwa mdogo, koo lilimvimba kila mvua zikianza, halafu magoti. Nilimpa maji moto ya chumvi na limau, na lilipopona nilijisifu. Miaka mingi baadaye hospitalini waliniambia kwamba ugonjwa ule wa koo ndio ulioharibu mlango mmoja wa moyo wake. Wakati huo alikuwa msichana mkubwa, anasuka nywele saluni moja huko Olympic, na alikuwa ameanza kusimama mara tatu kuvuta pumzi akipanda mlima kutoka kwenye reli.

Daktari alikuwa mwanamke kijana asiye na haraka. Alitueleza kwamba sehemu ya juu ya moyo haipigi tena, inatetemeka tu bila mpangilio. Damu inatuama pale, na damu iliyotuama huganda. Bonge dogo likitoka hapo likapanda kichwani, mtu anapooza au anakufa. Kwa hiyo dada angemeza kidonge cha kuifanya damu iwe nyepesi kila jioni, na kila mwezi damu ipimwe. Namba ya kipimo ikikaa kati ya mbili na tatu, yuko salama. Ikishuka, damu inaganda. Ikipanda sana, inavuja. Mlango wenyewe ulihitaji upasuaji, na jina lake liliandikwa kwenye orodha ambayo hakuna aliyetuambia urefu wake.

"Anakula mboga gani?" daktari aliniuliza.

"Sukuma."

"Kila siku?"

"Daktari, mimi ndiye ninayeiuza."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Majani ya kijani yana kitu kinachosaidia damu kuganda. Kinashindana na kidonge."

"Basi aache?"

"Asiache. Ale kiasi kile kile kila siku. Dawa yake tunaipima kulingana na anachokula. Ukibadilisha chakula, umebadilisha dawa."

Nilikunja mkono wa kushoto nikamwonyesha. "Kiasi hiki? Konzi moja?"

"Konzi moja," alisema. "Kwa mkono wako huo huo."

Nimepewa mawaidha mengi maishani, na karibu yote yalihitaji kitu nisichokuwa nacho. Haya yalihitaji mkono, na mkono nilikuwa nao. Kila asubuhi, kabla ya kumuuzia mtu yeyote, nilikata konzi ya dada nikaiweka kwenye bakuli lake na kulifunika. Ukame ulipokuja na sukuma ikawa adimu, wateja walirudi mikono mitupu lakini bakuli halikukosa. Siku ambazo hakukuwa na kingine cha kulia ugali, na sufuria ya sukuma iliyobaki kibandani imejaa, sikumwongezea hata jani. Chumvi nilipunguza. Magadi ya kulainishia maharagwe nilitupa. Jioni alikula ndizi mbivu, kwa sababu dawa yake nyingine, ya kutoa maji mwilini, ilikuwa inamwondolea potasiamu, na daktari alisema moyo kama ule hautaki kuikosa.

"Brathe," dada aliniambia, "hata jela huwa wanabadilisha mboga."

"Jela hawana ndizi."

"Basi niletee askari mwenye sura nzuri tukamilishe."

Namba ilikaa vizuri karibu mwaka mzima. Kadi yake ya kliniki niliiweka pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

Lakini kidonge kile hakimfanyi mtu ajisikie nafuu. Kinazuia jambo ambalo halionekani, na lisipotokea huna cha kuonyesha. Dada aliendelea kusimama mara tatu kwenye mlima, kisha mara tano, kisha saluni wakamwambia apumzike. Misuli ya miguu ilimkaza akilala. Alianza kukaa nami kibandani. Mimi niliangalia namba. Yeye alikuwa anaishi na moyo wenyewe.

Ndugu yetu wa katikati ameoa na anaishi Kawangware. Tulikuwa tukimtembelea Jumapili moja moja, na mkewe, shemeji yangu, alikuwa ameanza kuuza virutubisho vya unga. Simsemi vibaya hata sasa. Unga ule alikuwa anaunywa mwenyewe na kuwakorogea watoto wake kwenye uji. Alikuwa pia na kimashine cha kushika mkononi, kina waya unaoingia kwenye kompyuta, ambacho alisema kinasoma madini yanayopungua mwilini.

"Wifi, kamata hiki," alimwambia dada. "Kaza mkono."

"Kikisema nitaolewa lini, unishtue."

Shemeji alitazama kioo cha kompyuta. "Magnesiamu iko chini kabisa. Potasiamu pia. Zinki ndiyo usiulize."

"Kiangalie na akili yake," ndugu yangu alisema kutoka kwenye kochi.

"Wewe cheka tu. Moyo ni msuli, na msuli unataka madini." Akanigeukia mimi. "Hospitali wamempa kidonge cha damu, sawa. Moyo wenyewe wameupa nini?"

Nilimwangalia dada, naye alikuwa anaangalia kopo lililokuwa mezani kwa macho ambayo sikuwa nimeyaona kwa muda mrefu. Lilikuwa kopo la unga wa kijani kilichokolea. Mbele palichorwa moyo.

"Vidonge vya hospitali msiache," shemeji alisema. "Hiki ni chakula tu. Kijiko kimoja asubuhi, kwa miezi mitatu. Hiyo ndiyo dozi kamili."

Nyuma waliandika kwa herufi ndogo: majani ya mlonge, majani machanga ya ngano, magnesiamu na vingine. Nilisoma yote nikiwa nimesimama pale mlangoni, tukitoka nalo. Darasa la saba linatosha kusoma kopo.

Miguu iliacha kukaza wiki ya pili. Labda ilikuwa ile magnesiamu, sijui. Dada alianza kulala usiku mzima. Siku moja alitembea hadi Makina na kurudi na mandazi, akamsuka binti wa jirani mlangoni petu huku akisengenya mtaa mzima. Kijiko nilipima mimi. Nilikifuta kwa kisu juu kiwe bapa, siku zote sawa, na nilijiona mtu mwaminifu.

Mwezi huo namba ilishuka hadi moja na kitu. Kliniki kulikuwa na daktari mwingine, mwanamume, na foleni ilikuwa imefika nje.

"Umekosa kumeza?"

"Hapana," dada alisema.

"Mboga mmeongeza?"

"Konzi moja," nilisema. "Ile ile."

Sikudanganya. Aliuliza mboga, na mboga kwangu ni kitu kinachooshwa, kinakatwa na kuingia kwenye sufuria. Unga wa kopo ulikuwa wa upande wa dawa, pamoja na vidonge. Hata dada, aliyenikumbusha kila kitu, hakunikumbusha hilo. Daktari akaongeza nguvu ya kidonge. Mwezi uliofuata namba ilikuwa bado chini, akaongeza tena. Mwezi wa tatu ikarudi palepale tulipopataka, katikati ya mbili na tatu. Tulifurahi sana siku hiyo. Dada alikuwa na pumzi, namba ilikuwa nzuri, na nilimpigia shemeji simu kumshukuru.

Wiki ile ile kopo likaisha. Miezi mitatu ilikuwa imetimia, na sisi tumezoea kwamba dozi ikiisha umemaliza, mtu anaacha. Dada aliliosha kopo akaweka ndani yake vitana na sindano za kusukia. Alisema wateja wakianza kurudi atahitaji mahali pa kuviweka.

Siku chache baadaye alitema damu akipiga mswaki. Nilimwambia mswaki ni mgumu, nikamnunulia mwingine. Halafu alipata doa jeusi pajani, pana kama kiganja, na hakukumbuka kujigonga.

"Twende kliniki?" aliniuliza.

Nilitazama kadi. Tarehe yetu ilikuwa bado siku kumi na tisa. "Tungoje tarehe," nilisema. Mimi ni mtu wa kufuata tarehe. Nilikuwa nimewalea wadogo zangu wawili kwa kufanya kila jambo siku yake, na sikuwahi kudhani kwamba tabia hiyo inaweza kuua.

Alikuwa ameketi nyuma yangu kibandani, saa nane mchana, akichambua kunde. Alisema kichwa kinamuuma. Nilikuwa namkatia mteja, sikugeuka. Kisha akasema, "Brathe, jua limeingia ndani," na sauti ilikuwa nzito kama ya mlevi. Nilipogeuka kunde zilikuwa zimemwagika, na upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka. Fundi wa viatu alivuka njia akiwa bado ameshika sindano yake. Tulimbeba sisi wawili hadi barabarani, na njia nzima yule mtu hakufanya mzaha.

Hospitalini damu ilipimwa. Namba ilikuwa imepita saba. Damu ilikuwa imevuja kichwani. Nesi mmoja, mama mtu mzima, aliketi nami kwenye benchi na karatasi.

"Mbali na dawa za hospitali, kuna kitu kingine alikuwa anatumia? Miti shamba? Chai yoyote? Unga?"

Katika miezi yote hiyo, hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo.

"Kulikuwa na unga," nilisema. "Lakini uliisha."

Aliacha kuandika. "Uliisha lini?"

Nilifungua mdomo kumjibu na nikaelewa kabla hajanieleza. Ule unga ulikuwa majani. Lilikuwa rundo la majani yaliyokaushwa na kusagwa, mengi kuliko konzi yangu, na nilimpa kila asubuhi kwa kijiko nilichokifuta kikawa bapa. Ndiyo maana namba ilishuka. Walipandisha kidonge ili kiushinde unga ambao hawakuujua. Kisha mimi nikauondoa unga, na kidonge kikubwa kikabaki peke yake mwilini mwake.

"Siku kumi," nilimwambia nesi. "Kama kumi hivi."

Shemeji alikuja wodini akalia mpaka wakamtoa nje. Aliniomba nimtukane. Nilimwambia akawaangalie watoto. Ndugu yangu alisimama kando ya kitanda, akamwambia dada, "Amka utukane mtu," halafu akatoka, na siku hizi haji mara nyingi.

Hakufa. Watu huniambia hivyo kama habari njema, nami nawashukuru. Yuko nyumbani. Mkono wa kulia, ule wa kusukia, umelala kwenye paja. Ana maneno machache, na mengine hutoka mahali pasipo pake. Cheko lake lipo, ila huja wakati hakuna lililochekesha.

Kidonge cha damu wamekisimamisha. Niliuliza kwa nini, na daktari yule mwanamke, wa kwanza, alinieleza kwa utulivu wake ule ule. Wakikirudisha, kichwa kinaweza kuvuja tena. Wasipokirudisha, moyo unatetemeka kama zamani na damu inatuama kama zamani. Upasuaji umesogezwa mpaka awe na nguvu.

"Kwa hiyo tufanye nini?" nilimuuliza.

"Kwa sasa tunangoja."

Sikumuuliza tunangoja nini. Nadhani angeniambia. Nilipokuwa naondoka nilimuuliza kuhusu mboga, kwa mazoea tu. Akasema, kwa kuwa hanywi tena kile kidonge, mboga hazina shida. Ale kiasi chochote anachotaka.

Jioni hiyo nilipika sufuria nzima. Nilimjazia sahani, sukuma juu ya ugali, nyingi kuliko aliyokula kwa siku tatu zamani. Alikula kwa mkono wa kushoto, polepole, nikimpangusa kidevu. Alikula kama konzi moja, kisha akasukuma sahani kando. Ile iliyobaki nilikula mimi.

Asubuhi nikifika kibandani bado nakata ya kwake kwanza. Fundi wa viatu aliniona, akaniuliza kwa nini naendelea kupima na nimeambiwa haina haja. Hanisalimii tena kwa mzaha, na natamani angerudia. Nilimwambia sijui kitu kingine cha kumfanyia. Nilifunika bakuli, nikaanza kupanga majani ya wateja.