Kichanja cha Nini?

Mimi nina hasira za karibu, waulizeni wanangu. Na kitu kimoja kinachonipandisha haraka ni mtu kukaa kwenye kiti changu, anakunywa chai yangu, halafu anaanza kuwasema mabwana afya kwamba ni watu wa kutafuta makosa tu, utu hawana. Wapo waliowatesa watu, sikatai. Lakini mbele yangu wasisemwe wote kwa mkupuo. Mimi nimekula na kusoma mpaka nikamaliza shule kwa sababu bwana afya mmoja, siku moja, uani kwetu, alikubali kwamba amekosea. Habari hii nimeisimulia mara nyingi nikiwa nimekasirika. Leo nimetulia, kwa hiyo huenda ikanyooka.

Tulikuwa tunakaa Igoma, pembeni ya Mwanza, vyumba viwili na ua wenye jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe. Igoma ile bado ilikuwa na mihogo katikati ya nyumba, lakini kando ya barabara ya Musoma mafundi walishaanza kujaa: wa kuchomelea mageti, wa vitanda na makabati, wa kuziba pancha. Baba alikuwa ametoka kupunguzwa kazi kiwandani. Miaka ile neno hilo la kupunguzwa lilikuwa jipya, watu walilitamka kwa sauti ya chini kama wanataja ugonjwa. Baba alirudi na blanketi na barua, akakaa kwenye kigoda mlangoni, na pale akabaki. Hakuwa mlevi wala hakuwa mkali. Ukimwamkia anaitika, ukimpa chakula anakula, basi.

Mama akaingia kwenye sufuria. Alipika nyumbani asubuhi, ugali na dagaa, na saa sita alijitwisha chakula mpaka kwa mafundi. Siku ambazo hakuna shule nilikuwa nyuma yake na sahani na ndoo ya maji ya kunawa. Sangara alikuwa ameshaanza kupanda ndege kwenda Ulaya, sisi tulibaki na dagaa, na dagaa wa mama walikuwa na sifa. Aliwanunua wabichi mwaloni, mitumbwi inapotia nanga alfajiri, akawaanika mwenyewe juu ya lile jiwe la uani. Mama ni Mjita, na Mjita wa namna yake hamwamini mtu mwingine kumkaushia dagaa. Sufuria ile ndiyo iliyokuwa sare yangu ya shule, mafuta ya taa, chumvi na sabuni. Ikifungwa tumekwisha. Nalisema mapema, usije ukadhani nakusimulia habari za vyombo tu.

Mwaka mmoja, nikiwa darasa la saba, mvua za masika zilikaribia, na mvua zikikaribia manispaa inaogopa kipindupindu. Likapita gari la matangazo: kila anayepika chakula cha kuuza atakaguliwa pale anapopikia, na asiye na kibali asimamishe biashara mara moja. Siku mbili baadaye bwana afya akafika na baiskeli yake, suruali ameibana kwa kibanio cha nguo isiingie kwenye mnyororo, faili kwapani. Alikuwa mtu wa Bukoba, anaongea taratibu, kila neno analimaliza. Mama akamwamkia shikamoo. Umri wao ulikuwa sawa, pengine mama alimzidi. Nadhani alikuwa analiamkia faili.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mama alikuwa ameshamwekea chai na sahani ya dagaa wa kukaanga, wale waliochaguliwa mmoja mmoja. Bwana afya akavitazama, akasema kwa adabu kabisa, "Ahsante, mama. Lakini ninayemkagua huwa sili kwake."

Mama akatabasamu kwa meno tu.

Yule bwana akazunguka. Akachungulia chooni, akatazama nyuma ya nyumba tulikokuwa tunamwaga maganda, akatazama sahani zetu zilizooshwa zikilala juu ya gunia chini, akalitazama na jiwe, ambalo siku hiyo lilikuwa tupu kwa sababu kulikuwa na mbalamwezi usiku na dagaa hawavuliwi. Kisha akaandika, akachana nakala ya kaboni, akampa mama. Mama akanipa mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa msomi wa nyumba. Nikasoma kwa sauti ya darasani: Mfuniko wa choo. Shimo la taka. Kichanja. Siku saba.

"Umeelewa, mama?" bwana afya akauliza.

"Nimeelewa."

"Kichanja unakijua?"

"Mtu wa ziwani nisijue kichanja?"

Bwana afya akaridhika. Akaeleza kwamba siku ya saba atarudi, na kama mambo hayo matatu hayapo, atalazimika kusimamisha upishi. Alisema atalazimika, siyo atasimamisha. Nilikuja kulifikiria neno hilo baadaye sana. Wakati ule tulisikia kufungiwa tu.

Baiskeli ilipopotea kwenye kona, mama akaivuta ile sahani ya dagaa, akaishika mapajani. "Ameona chakula changu ni kichafu," akasema. Kwao mgeni hata kama ameshiba ataonja kidogo, atakula hata wawili, halafu atashukuru. Akikataa kabisa anamwambia mwenye nyumba moja kati ya mambo mawili: wewe mchafu, au wewe mchawi. Mama alichagua la kwanza, na likamkaa kooni wiki nzima. Kila akisonga ugali alikuwa anamjibu yule bwana, peke yake, kwa Kijita.

Lakini kuhusu ile karatasi hakuwa na ubishi. Kwetu sisi, na kwa yeyote aliyezaliwa pwani ile ya Majita, kichanja ni kitu kimoja tu: jukwaa la miti, juu limetandikwa wavu, la kuanikia dagaa wasishike mchanga. Na mama alilijua kosa lake. Dagaa aliwaanika kwenye jiwe, na kwenye jiwe kuku hupita. "Hapo Serikari ina haki," akasema. Mimi, msomi, nikamsahihisha kwamba ni Serikali. Neno lililohitaji kusahihishwa nililipita nikaliacha.

Baba aliyekuwa mlangoni akageuza shingo. "Wamesema kichanja?"

"Kichanja."

Akasimama. Ujue, sisi tulikuwa tumezoea kumruka pale mlangoni. Akafunga kamba viatu vyake vya kiwandani, akatoka, akarudi jioni na miti ya mkaratusi begani. Kesho yake akaenda mwaloni akapewa wavu chakavu. Alichimba mashimo manne kando ya jiwe, akashindilia kokoto, akafunga maungio kwa uzi wa nailoni, fundo la wavuvi ambalo ukilivuta ndiyo linazidi kukaza. Alitumia siku tatu. Siku ya pili akaanza kupiga mluzi, na mama aliyekuwa anapepeta unga akasimamisha ungo akasikiliza, halafu akaendelea kupepeta. Kwa furaha ile ile baba akachimba shimo la taka, akagonga na mfuniko wa choo wenye mpini. Kichanja kilipokwisha kilikuwa na urefu wa vitanda viwili. Nilipanda juu yake, hakikutikisika.

Siku ya saba mama akaamua kumwonyesha bwana afya kazi. Mbalamwezi ilikuwa imeisha, mwaloni dagaa walikuwepo. Alfajiri akanunua ndoo mbili, akawatandaza wote juu ya kichanja, wakang'aa kuliko bati la nyumba. Jua likapanda. Nzi wakapata habari. Paka wa mtaa wakaja kukaa chini yake wamepanga mstari, na juu ya jiwe kunguru wawili. Harufu, sina haja ya kuieleza kwa mtu wa Mwanza. Mama akavaa kitenge cha kanisani akasimama kando ya kichanja, na baba akasimama upande wa pili.

Bwana afya aliingia uani akaishikilia baiskeli yake, hakuiegemeza popote.

"Mama, hiki ni nini?"

"Kichanja," akasema mama. Nilimwona anasubiri kusifiwa.

"Lakini mimi nilisema kichanja."

"Ndicho hiki."

Akazitazama sahani. Zilikuwa pale pale, chini, juu ya gunia, na paka mmoja alikuwa amepita katikati yake. Akafungua faili, akatoa kalamu, akasema bila ukali kwamba sheria ndogo za manispaa haziruhusu kuanika samaki kwenye makazi ya watu, kwamba hilo peke yake ni kosa la kupelekwa mahakamani, na kwamba kwa hali ile hawezi kutoa kibali. Nikamtazama baba. Alikuwa ameushika mti wa kichanja, na uso wake umeanza kurudi ule wa mlangoni. Hapo ndipo niliposhikwa na hofu, kwa sababu nilijua akikaa tena kwenye kile kigoda hatainuka.

Nami nikafungua mdomo, mtoto mbele ya wakubwa. "Shikamoo. Umeandika kichanja, na baba amejenga kichanja."

Mama akanikata jicho. Bwana afya akaniitikia marahaba, akanyoosha mkono, akaomba ile karatasi. Akaisoma kwa muda mrefu kuliko urefu wake.

"Kwenu kichanja ni cha nini?" akamuuliza baba.

"Cha dagaa. Kwani kuna kingine?"

"Kwetu Bukoba ni cha vyombo. Ukishaosha sahani unazipanga juu, zinakauka kwa jua, kuku na mbwa hawazifikii." Kisha akaegemeza baiskeli kwenye jiwe, akakiendea kichanja, akakisukuma kwa bega, na hakikusogea. Akachunguza mafundo. "Umejenga wewe?"

"Mimi."

"Ofisini hatujawahi kupata kichanja kama hiki."

Akakaa juu ya jiwe, karatasi mapajani. Mbele ya lile neno Kichanja akaongeza mawili: cha vyombo. Halafu akatoa ile ya ofisini kwenye faili, ambayo mkubwa wake angeisoma, akaongeza maneno yale yale, na pembeni akaandika sahihi yake kuonyesha kwamba yaliongezwa siku hiyo, na yeye. "Kosa ni langu," akamwambia mama. "Nilikuuliza kama unakijua. Sikukuuliza cha nini."

Sijui kwenu, lakini mimi sikuwahi kumsikia mtu mwenye faili akisema kosa ni langu, tena kwa mwanamke muuza ugali. Na tangu siku hiyo nimewasikia wachache sana, wala sijioni kwamba mimi ni mmoja wao.

Dagaa wakateremshwa saa ile ile, tukawarudisha mwaloni kumalizia kukaukia huko kwa wenzetu. Mama akasugua wavu kwa majani makavu na sabuni mara mbili. Sahani zetu zilikuwa kumi na moja, ukizipanga juu ya vitanda viwili zinaonekana kama zimepotea. Jirani akaomba kuweka zake, na wa pili akaja, ikawa asubuhi uani kwetu kuna vyombo vya mtaa mzima na kila mwanamke anajua vyake kwa alama. Mabishano hayakukosa, vijiko vilipotea. Bwana afya alikuwa akiwaleta watu wa mitaa mingine waone. Wawili, watatu wakamwomba baba awajengee, naye akawa anauliza kwanza ni cha nini. "Kuuliza si ujinga," alikuwa akisema, kama vile maneno hayo aliyatunga yeye. Kile kigoda cha mlangoni mama akakihamishia jikoni.

Kibali kilipatikana wiki ile ile. Sufuria haikulala hata siku moja, nami nikamaliza shule. Kila bwana afya alipokuja kukagua, mama alimtengea chakula, na kila alipotengewa akasema, "Ahsante, mama, ninayemkagua sili kwake." Mama alimshukuru kwa kila kitu, akamwombea kanisani, lakini hilo halikumtoka. "Mtu mzuri," alikuwa akisema. "Ila chakula changu kinamtia kinyaa."

Mwaka wa tatu akaja saa tano asubuhi bila faili. Nilikuwa nyumbani, shule zimefungwa. Akaegemeza baiskeli kwenye jiwe pale pale, akasema amehamishwa, Jumatatu anaondoka, na mtaa ameshaukabidhi kwa mwenzake. Mama akampa pole na hongera kwa pamoja, maana hakujua lipi ni lipi. Akasimama tu, mikono ina unga, safari hiyo hakumtengea kitu.

"Mama," akasema bwana afya, "leo mimi siyo mkaguzi wako. Nimekuja kula."

Akanawa, akaketi kwenye kigoda, akala ugali na dagaa, akaongezwa akala tena. Alipoongezwa mara ya tatu akasema dagaa hawa alikuwa akiwanusa tangu siku ile ya kwanza, na kurudi ofisini na njaa ilikuwa kazi ngumu kuliko kupanda milima ya Mwanza kwa baiskeli. Mama alikuwa anatazama mkono wa mgeni unavyokwenda kwenye sahani na kurudi. Alipomaliza akasimama, akaiosha sahani mwenyewe kwenye beseni, mama akisema acha, mgeni haoshi vyombo, asimsikie. Akaisuuza, akaipandisha kwenye kichanja, akaifunika kifudifudi kati ya zetu. Akaaga, akapanda baiskeli, akaenda zake.

Ilipofika saa sita nikaanza kuziteremsha sahani ili twende kwa mafundi. Nikaigusa ile ya mwisho, imeshakauka.

"Iache," mama akasema. Alikuwa amegeukia ukuta, anafuta uso kwa ncha ya kitenge. "Hiyo iache hapo hapo."

Siku ile tulikwenda na sahani kumi, na fundi mmoja akasubiri mwenzake amalize ndipo ale.