Profesa wa Kinyozini

Kinyozi yule aliwapigia wateja Kiingereza kingi hata wakambandika jina la Profesa. Siku moja binti yake, aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani, alimletea kinyozini habari ya Kiingereza ya kusoma: mto ulifurika ukavunja daraja, "so" watoto hawakwenda shule. Swali likauliza, kwa nini daraja lilivunjika?

"Rahisi hilo, mwanangu. 'So' maana yake kwa sababu. Andika: kwa sababu watoto hawakwenda shule."

Wateja wakatikisa vichwa kwa kukubali. Binti alisita, lakini akaandika.

Kesho yake jioni mama mtu, aliyekuwa karani, aliiona alama nyekundu ya mwalimu daftarini akafoka. "Daraja livunjwe na utoro? Nani kakufundisha upuuzi huu?"

Binti akainama. "Nimekosea mwenyewe, mama."

Profesa alikuwa papo hapo anakula. Akalirudisha tonge sahanini. Mtoto kajitwisha kosa la baba, na baba mzima kanyamaza kama maji mtungini!

"Ni mimi," akasema hatimaye, macho yakiwa sakafuni. "Hiyo 'so' siijui. Maneno mengi ninayowapigia wateja siyajui."

Mkewe hakucheka, na hilo lilimuumiza zaidi. Binti akasogeza daftari karibu na sahani.

"Kinachofuata baada ya 'so' ni matokeo, baba. Sababu imeshatangulia."

Profesa akamsikiliza mwanawe mpaka mwisho, uso ukimwaka kwa aibu.