Kitambaa cha Kufunika Kompyuta

Kwetu kitu cha maana hakikai uchi. Redio ilifunikwa, chupa ya chai ilifunikwa, hata kiti cha mgeni kilivikwa kitambaa cha kufuma kwa mkono. Nyumbani Kasese, ambako baba alifuata kazi ya saruji kutoka Kenya akahamia jumla, mama alipima heshima ya nyumba kwa weupe wa vitambaa vyake. Kwa hiyo sijui nilitegemea nini nilipopeleka kompyuta Bwera, kule mpakani.

Ilikuwa ya akina mama wa kanisa la huko. Walifuma vitambaa karibu mwaka mzima, wakawauzia wanawake wanaovuka mpaka kutoka Kongo, wakapata printa. Sasa walitaka kompyuta ya kuchapia kadi za harusi, programu za mazishi na barua za watu. Msimamizi waliyemchagua ni mama mdogo, dada yake mama, kwa sababu ujanani alipiga taipu katika ofisi za mgodi kule Kilembe na vidole vyake havikuwa vimesahau. Ufunguo wa chumba cha kazi aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Tangu mumewe afariki sikuwa nimemwona akishika kitu kinachompendeza vile.

Wenzake walipouliza kompyuta itanunuliwa wapi, mama mdogo akasema hakuna haja ya kununua, binti yake anajua kuijenga. Binti mwenyewe ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimesoma kozi ya miezi michache, na mdomo wangu ulitangulia mikono yangu mbali sana.

Niliijenga asubuhi moja kwenye meza ya mama. Madabodi, ile bodi kuu inayobeba vyote, ilikuwa ya mtumba, haina kitabu chake. Ilikuwa na nafasi nne za memori, za bluu mbili na nyeusi mbili, zikipishana. Memori zenyewe zilikuwa mbili za kufanana, na nilishawahubiria wale akina mama kwamba zikiwa pacha hupitisha kazi kwa njia mbili kwa mpigo, kama kisima chenye ndoo mbili. Kisha nikazichomeka bega kwa bega, kwa kuwa pacha hukaa pamoja. Hiyo ndiyo akili niliyotumia. Zilitakiwa zikae kwenye rangi moja, zikiruka nafasi iliyo katikati. Kompyuta ilipowaka iliandika kwenye kioo kwamba njia ni moja tu, lakini maandishi yalipita upesi na mimi nilikuwa nimegeuka kumwangalia mama akipiga vigelegele.

Kabla ya hapo nilikuwa nimepaka prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ile dawa ya kupitisha joto, nikaketisha juu yake chuma cha kupozea pamoja na feni yake, vyote vipya kutoka kwenye boksi, nikakaza skrubu. Niliiwasha kwa dakika chache, ikanitosha.

Wiki ya pili mama mdogo alinipigia simu. "Mama," akasema, maana ndivyo anavyoniita, "hii mashini iko nazimika yenyewe. Nachapa kurasa mbili, inakufa. Kuja uone."

Nilikuta chumba kimejaa. Mwenyekiti wa akina mama alikuwepo, na katekista aliyekuwa akingoja programu ya mazishi, na watu wengine wawili watatu. Juu ya kompyuta kulikuwa na kitambaa cheupe chenye ua katikati, kimeshuka hadi ubavuni na kuziba matundu ya hewa. Sikufungua kitu. Hata mkoba sikuwa nimeutua. Nilikiinua kile kitambaa kwa vidole viwili, kama nepi, nikauliza mbele ya wote, "Nani alifunika hii? Feni ipumue wapi? Mumeipika."

"Ni mimi," mama mdogo akasema. "Nilikuwa naogopa vumbi. Sikujua."

Alikichukua mkononi mwangu, akakikunja mara nne, akakibana kwapani. Katekista akatazama viatu vyake. Mimi nilijiona fundi kwelikweli.

Kompyuta niliirudisha Kasese. Niliiwasha juu ya meza ya mama bila kitambaa, bila chochote, madirisha wazi, ikazimika vilevile. Ndipo nikafungua skrubu. Chini ya chuma cha kupozea kulikuwa na karatasi nyembamba ya nailoni, na maandishi mekundu yanayoagiza ibanduliwe kabla ya kufunga. Dawa niliyopaka kwenye prosesa ilikuwa imegusa nailoni, si chuma. Joto la prosesa halikuwa na pa kwenda tangu siku ya kwanza. Nikaibandua, nikapaka dawa upya, nikahamisha memori moja, na kioo kikaandika njia mbili. Kazi yote haikufika saa moja.

Nilipokuwa nikifunga, simu ikalia. Ni mama mdogo. Wenzake walikuwa wamekutana baada ya ibada, na ufunguo wamempa mwingine. "Walisema mashini inataka mutu anajua," akaniambia. "Si vibaya, mama."

Nilirudi Bwera na ile nailoni kwenye pochi, nimekusudia kuionyesha. Naapa nilikusudia. Mashine ikachapa kurasa kumi bila kusita, wanawake wakapiga makofi, na mama mdogo, aliyekaa kwenye benchi la nyuma, alipiga kushinda wote. Mwenyekiti akauliza ilikuwa imepatwa na nini.

"Ilikuwa joto," nikasema.

Haukuwa uongo, na ndiyo maana jibu hilo linaniuma kuliko uongo niliowahi kusema. Mwenyekiti akawageukia wenzake akasema sasa wamejifunza, hakuna kufunika tena, na macho kadhaa yakaenda benchi la nyuma. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Yangu yangezoleka, kwa sentensi moja, pale pale. Nilifunga pochi nikaomba maji ya kunywa.

Miaka minne baadaye mama mdogo alikuja Kasese kutibiwa macho, akafikia kwangu. Nilikuwa na kibanda changu cha kutengeneza kompyuta, na watu waliniita fundi bila kutania. Alikizunguka akigusa kila kitu, kisha akatoa kwenye gazeti kitambaa kipya alichofuma kwa macho yale yale mabovu.

"Hii weka kwa meza," akasema. "Kwa komputa usiweke, mama. Mimi niliua moja."

Nilikipokea kwa mikono miwili, nikapiga goti kama nilivyofundishwa, nikamwambia asante. Kisha nikakitandika mezani huku akiangalia, juu ya droo nilimoiweka ile nailoni.