Mabakuli Tisa ya Wilf Pickersgill

Kwa siku ishirini na tano za tiba ya mionzi, Avril Sugden alipelekwa hospitali na kurudishwa kwake Thornclough na dereva yule yule, ndani ya gari lile lile la kijivu, na katika safari zote hizo hakufanikiwa kumwambia ahsante. Si kwamba hakujaribu. Siku ya tatu alianza, "Bwana Pickersgill, nilitaka kukwambia," naye akamkata, "Funga mkanda, tunaingia barabara kuu." Siku ya kumi alimletea keki ya tangawizi. Aliipokea, akaiweka kiti cha nyuma, akauliza kama mvua itanyesha. Siku ya mwisho machozi yalimtoka Avril kabla ya maneno, na Wilf Pickersgill akamsogezea kopo la peremende, akakaza macho barabarani mpaka walipofika.

"Haya," alisema mlangoni. "Usisahau mwavuli."

Wilf alikuwa dereva wa basi mstaafu, mgane, mtu wa tai hata siku ya kupalilia bustani. Kwa miaka kumi na minne alijitolea kuwaendesha wagonjwa wa Mfuko wa Saratani wa Bonde, wale wasio na gari wala mtu wa kuwapeleka. Mfuko humlipia petroli tu, na petroli yenyewe hutokana na Jumapili moja ya Mei, siku ya mbio za maili sita. Kila mkimbiaji hupita kwanza kwa majirani na fomu, nao huandika kiasi watakachotoa akimaliza. Asiyemaliza hana cha kudai.

Mwaka mmoja na nusu baada ya mionzi, Avril alijiandikisha. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane na alikuwa amegawa barua Thornclough kwa miaka thelathini na mmoja, yote kwa kutembea. Kukimbia hakukujua, mbwa walipomfukuza alisimama akawakemea. Lakini mwezi wa Juni Wilf angetimiza miaka themanini, umri ambao Mfuko haumruhusu mtu kuendesha mgonjwa. Nyumba yake ilikwisha kuuzwa. Tarehe sita angehamia kwa binti yake, kusini kabisa, kwenye pwani. Akiondoka bila kushukuriwa, Avril alijua shukrani ile ingemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Pamoja na namba ya mbio, kila mkimbiaji hupewa karatasi ya kubandika mgongoni. Imeandikwa NAKIMBIA KWA AJILI YA, na chini yake pana nafasi tupu. Avril alichukua kalamu nene akaandika WILF PICKERSGILL. Hesabu yake ilikuwa rahisi: jina likiwa mgongoni, Wilf atalisoma, na jina haliambiwi lifunge mkanda. Kisha, ili apate ahadi nyingi, akaibandika karatasi hiyo kwenye jaketi lake la posta wiki mbili kabla ya mbio, akaizungusha mji mzima, mlango kwa mlango.

Jambo ambalo hakulifikiria hata dakika moja, ingawa alikuwa amesimama kando ya barabara kutazama mbio hizo tangu ujana wake, ni kwamba jina la mgongoni ni jina la marehemu au la mtu aliye njiani. Hakuna mtu wa Thornclough aliyewahi kukimbia kwa ajili ya mtu mwenye afya yake. Na mtu wa Thornclough haulizi habari za ugonjwa. Anaoka chakula, akampelekea mgonjwa.

Bi. Beryl Entwistle wa mtaa wa Chapel alilisoma jina Avril alipogeuka kufunga lango. Alimwita arudi, akaandika pauni ishirini.

"Wilf," alisema kwa sauti ya chini. "Mtu mwema yule."

"Mwema kupita kiasi."

"Na hajasema neno kwa mtu."

"Yule hasemi, mama. Ningoje aseme, nitazeeka."

"Ndivyo walivyo," alisema Bi. Entwistle, akaingia ndani kuwasha oveni.

Buchani, Clive Barraclough alifuta mikono kwenye aproni kabla ya kushika kalamu. "Ni muda mrefu sasa?" aliuliza.

"Miaka kumi na minne."

"Miaka kumi na minne," alirudia Clive, akaegemea kaunta. "Na kila Ijumaa anakuja kununua soseji kama hakuna kitu."

Avril alitoka buchani akiamini kwamba hakuwa amejua jinsi mji ulivyompenda Wilf. Fomu ilijaa, akaomba ya pili.

Kwa Wilf, bakuli la kwanza lilikuja Jumatatu: pai ya nyama na viazi, imefunikwa foili, imeachwa kizingitini bila barua. Jumatano yakaja matatu. Wilf alidhani watu wanamuaga kwa sababu ya safari, akaona wanazidisha, lakini akala. Ilipofika Jumamosi mabakuli yalikuwa tisa, na alasiri hiyo kasisi wa mji, Philippa Garside, akapiga hodi. Alikaa kwenye ncha ya kiti, akakataa biskuti, akauliza ni nyimbo gani za kanisa anazozipenda.

"Za nini?"

"Kwa wakati utakapofika, Wilf."

"Naondoka tarehe sita."

Kasisi alimshika mkono. "Daktari amekutajia mpaka tarehe?"

Ilichukua buli zima la chai kuusafisha mkanganyiko huo, na mwishoni Wilf aliuliza ni nani aliyemfanya mgonjwa bila yeye kuwa na habari. Kasisi alikuwa mtu wa kweli. "Umeandikwa mgongoni mwa Avril Sugden," alisema.

Siku ya mbio Avril alikuwa miongoni mwa watu wa mwisho. Maili tano alizimaliza kwa ukaidi, na ya sita ilikuwa mlima wa Back Lane, ambao kwa begi la barua aliupanda kila siku bila kuuwaza, na sasa ulisimama mbele yake kama ukuta. Chini ya mlima palisimama mzee mwenye koti na tai. Avril alipopita, mzee aliingia barabarani akawa sambamba naye. Mbio zake na mwendo wa Wilf vilikuwa sawasawa.

"Vua karatasi hiyo," alisema Wilf.

"Siwezi. Pini ziko nyuma."

"Kasisi amekuja kunichagulia nyimbo."

Avril alisimama. "Nyimbo gani?"

"Usisimame, binti, watu wameahidi hela. Nyimbo za mazishi."

Alipiga hatua kadhaa kabla jambo lile halijamfikia, na lilipomfikia aliziba mdomo kwa mikono miwili. "Wamedhani umekufa."

"Hawajafika huko. Nina pai tisa."

Avril alicheka mpaka pumzi chache alizobakiza zikaisha, na katikati kicheko kikageuka kilio, na miguu ikaendelea kwa sababu haikuwa imeambiwa vinginevyo. "Nilitaka kukushukuru tu," alisema.

"Ungesema kama watu."

"Nilisema, mzee. Zaidi ya mara moja. Ukaniambia nifunge mkanda."

Kando ya barabara Clive Barraclough alikuwa amevua kofia alipoliona jina likipita. Alipomwona mwenye jina pembeni ya Avril, aliirudisha kichwani haraka, masikio yakiwa mekundu.

"Wilf. Hujambo?"

"Natembea, Clive."

"Ile pai ilikuwaje?"

"Chumvi nyingi."

Avril alimaliza wa mia mbili na kumi na moja kati ya mia mbili na kumi na nne. Mtu wa kwanza aliyekutana naye baada ya utepe alikuwa Bi. Entwistle, na Avril, bila kuvuta pumzi vizuri, alimwambia kwamba Wilf ni mzima, kosa ni lake yeye Avril, na aliyeahidi kwa kumhurumia mgonjwa yuko huru kufuta. Bi. Entwistle aliomba kalamu akaongeza pauni tano. Hakuna aliyefuta.

Yakabaki mabakuli. Chini ya kila bakuli la Thornclough pamebandikwa kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe, na bakuli hurudishwa limeoshwa, mkononi, na aliyekula. Kuliacha kizingitini ni matusi. Wilf aliyaosha yote tisa. Siku ya Jumanne alisimamisha gari nyumbani kwa Avril, akapiga honi mara moja.

"Umeniingiza, utanitoa," alisema. "Wewe unaijua milango. Nakabidhi, nasema siumwi, tunaondoka. Dakika mbili kila nyumba."

Mlango wa kwanza ulikuwa wa Bi. Entwistle. Alipokea bakuli lake, akaligeuza, akalitazama jina kama aliyehitaji kuhakikisha.

"Siumwi," alisema Wilf.

"Nimesikia. Ila nilikuwa nimepanga la kusema siku ya kukuzika. Sasa sijui nilipeleke wapi."

Wilf aligeuka kulitazama gari. Kijia cha bustani kilikuwa chembamba, na katikati yake alisimama Avril, mikono imejaa mabakuli hadi kidevuni. Hakusogea.

"Sema tu, mama," alisema Avril. "Yuko hapa."

"Ulimpeleka mume wangu Harold mara kumi na nane," alisema Bi. Entwistle. "Ile ya mwisho hakujiweza. Ulimvua viatu ukamfunika miguu kwa koti lako, ukarudi na shati tu kwenye baridi ile. Aliniambia jioni ile ile. Mimi sikukwambia kwamba aliniambia."

Wilf alishika fundo la tai yake. "Harold hakuwa mtu wa maneno mengi," alisema hatimaye.

"Ndiyo maana alikupenda."

Hawakumaliza kwa dakika mbili, hapo wala nyumba ya pili. Mlango wa tatu ulikuwa wa Clive, ambaye mama yake alipelekwa mwaka wa mafuriko. Wa nne ulikuwa wa mwanamke ambaye hakuwahi kuugua wala kuuguza. Zamani za basi, Wilf alikuwa akimngoja kituoni kila akichelewa, naye hakuwahi kufukuzwa kazi. Kwenye mlango wa sita Wilf aliacha kulitazama gari. Kwenye wa nane alivua kofia mwenyewe kabla ya kugonga.

Bakuli la tisa lilikuwa la kasisi, ambaye alicheka mpaka akajifuta macho, kisha akamshukuru kwa jambo ambalo Avril, akiwa langoni, hakulisikia na hakuuliza.

Wakarudi mpaka nje ya nyumba ya Avril. Injini ilikuwa ikinguruma.

"Bado mimi," alisema Avril.

"Wewe ulishasema. Kwa herufi kubwa."

"Ule ulikuwa mgongo. Hukuniona uso."

Wilf alizima injini. Aliweka mikono miwili juu ya usukani kama mtu anayengoja taa ya kijani. "Haya," alisema. "Sema."

Maneno aliyoyabeba mwaka mmoja na nusu Avril aliyatafuta yote, akakuta yamebaki machache. "Ahsante, Wilf. Kwa kunipeleka. Na kwa kutonisemesha siku nilizokuwa siwezi."

"Karibu," alisema Wilf. Alifikiri kidogo. "Nilizipenda zile asubuhi."

Akatoa kopo la peremende kwenye mfuko wa mlango wa gari, akalifungua, akachukua yake baada ya Avril kuchukua yake. Wakakaa pale, mtaa ukiwa kimya na mvua nyepesi ikianza juu ya kioo, mpaka peremende zikaisha, ndipo Avril akafungua mkanda.